Nusu ya Kilichobaki

Juma lililopita tulimaliza arobaini ya bibi yangu, mama yake mama. Wageni walipokwisha kuondoka na masufuria ya kuazima kurudishwa kwa wenyewe, wanawake wa nyumbani tulikaa mkekani kugawana siku zake. Maradhi yalimfanya ale siku kumi na nne za Ramadhani iliyopita, na kwetu maiti haachwi peke yake na siku zake. Ndugu huzichukua, kila mtu kadiri ya nguvu zake, wakazifunga kwa niaba yake. Mimi nilichukua tatu. Mtoto wa jirani, aliyekuwa akila ukoko wa pilau pembeni, akasema, "Na mie nipeni moja." Watu walicheka. Mama Mdogo akamjibu, "We mtoto, mtoto hufunga nusu." Niliinuka nikaenda uani, nikajifanya naosha sahani ambazo zilikwishaoshwa.

Maneno hayo niliwahi kuambiwa mimi, na Bibi mwenyewe, katika ua ule ule wa Temeke, nilipokuwa na umri wa miaka minane hivi. Mama alikuwa amefariki akijifungua, na mtoto hakuishi. Katika Ramadhani iliyotangulia mimba ilimlemea, miguu ikamvimba, akala siku kumi. Alisema atazilipa akishajifungua. Baada ya arobaini yake watu wazima walikaa kuzigawana kama tulivyofanya sisi juzi. Bibi alichukua nne, Mama Mdogo tatu, Baba mbili. Ikabaki moja.

"Hiyo nitaimalizia mimi kifua kikinipa nafasi," Bibi alisema.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango. Nilikuwa mtoto asiyesema. Hata chuoni mwalimu aliponiita nisome aya yangu, sauti ilikwama, wenzangu wakanisomea. Siku hiyo sijui niliipata wapi sauti. Nilitoka nikasimama mbele yao nikasema, "Mie nitaifunga."

Bibi aliniangalia. Alikuwa mtu wa mzaha, akiniita mke mwenzangu mbele za watu, lakini siku hiyo hakufanya mzaha. Alinivuta akanikalisha mapajani, mkubwa nilivyokuwa. "Mke mwenzangu," alisema, "mtoto hafungi siku nzima. Mtoto hufunga nusu."

Yeye alikuwa ananikataza. Mimi nilielewa kwamba nimepewa ruhusa.

Lazima niseme kwa nini niliitaka siku ile. Chuoni nilisikia wakubwa wakisema kwamba roho ya mwenye deni huzuiliwa mpaka deni lake litimizwe. Sikujua huzuiliwa wapi. Mimi nilimwona mama amekaa kwenye benchi nje ya mlango uliofungwa, kama nilivyomwona nje ya zahanati siku tuliyompeleka, kanga imemwangukia begani, miguu imevimba, anangoja kuitwa. Tisa kati ya siku zake zilikuwa na wenyewe, watu wazima wenye nguvu. Ile moja tu ndiyo iliyomweka pale.

Basi nikaanza. Siku ya kwanza niliamka na Bibi alfajiri, nikatia nia kimoyomoyo, nikafunga mpaka adhuhuri. Haukuwa mwezi wa kufunga. Kila nyumba ilikuwa inapika kama kawaida, na jirani alikaanga vitumbua tangu jua halijapanda. Niliteka maji kisimani ndoo mbili bila kuyagusa kwa ulimi. Adhana ya adhuhuri ilipolia nilikuwa nimeegemea ukuta, macho yanaona vidoti vyeusi. Nikala muhogo wa kuchemsha, nikalala mpaka jioni. Nusu moja nilikuwa nimeipata.

Kila mama wa pwani anajua kwamba nusu mbili za mtoto hushonwa zikawa saumu moja. Mimi pia nilijua. Siku ya pili ilinipasa nishone kuanzia pale nilipoachia, tangu adhuhuri hadi magharibi. Lakini adhuhuri ilipofika nilikumbuka maneno ya Bibi. Mtoto hufunga nusu. Kilichobaki kilikuwa nusu siku, basi haki yangu ilikuwa nusu ya hiyo. Sikuthubutu kuzidisha, nikaona kuzidisha kutaiharibu saumu yote. Nikafunga tangu adhuhuri hadi alasiri, nikaacha. Siku ya tatu nikaanzia alasiri, nikaenda nusu ya njia iliyobaki, nikaacha. Sikumwuliza mtu. Kama ningemwuliza Bibi swali moja tu, yote haya yasingekuwapo, lakini kuuliza ndiko kulikonishinda.

Aliyenigundua ni Shomari, mtoto wa mjomba. Alikuwa na miaka kumi na mbili na alisoma shule ya serikali mjini. Alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na kila alichofundishwa huko alikuja kutufundisha sisi kwa kelele, kama vile njia ndefu ilimpa haki hiyo. Alinikuta nimeshika kipande cha nazi mkononi, natazama kivuli cha nguzo ya kibanda cha jikoni.

"Bibi Kimya, unaiangalia hiyo nguzo itakuchumbia?"

Nikageuka kumpa mgongo. Alinichokoza mpaka nikamwambia yote, hata lile benchi. Alidhani nitakuwa na kichekesho, lakini nilipotaja jina la mama aliacha kucheka. Akafikiri kidogo, kisha akafuta mchanga kwa mguu, akachora mstari mrefu tangu jikoni mpaka kwenye mtungi wa maji. Akachimba kishimo kila mwisho kwa kidole gumba cha mguu.

"Hapa sufuri, ndiyo alfajiri yako. Pale moja, magharibi. Mwalimu wetu anauita mstari wa namba. Haya, juzi ulifika wapi?"

Nikaonyesha katikati. Akachukua kamba ya usumba, akaipima kwa mstari, akaikunja nusu kwa nusu, akasimika kijiti pale katikati. Akaikunja tena, akasimika kijiti cha robo tatu. Akaikunja tena. Vijiti vilikuwa vinasogea kuelekea mtungini na kusongamana.

"Siku ya kwanza ulibakiza nusu," akasema. "Ya pili robo. Ya tatu moja ya nane. Kesho utabakiza moja ya kumi na sita, halafu moja ya thelathini na mbili, moja ya sitini na nne. Unaona? Namba ya juu ni moja siku zote. Ya chini ndiyo inayonenepa, na kipande chenyewe kinakonda."

"Kitakonda mpaka kiishe."

"Hakiishi! Ndicho ninachokwambia. Ukikata kitu nusu, nusu nyingine inabaki. Lini umekata muhogo katikati ukakuta upande mmoja hamna?"

"Muhogo unaisha. Bibi akikatakata, mwisho kipande hakishikiki."

"Hiyo ni mikono ya Bibi. Mie nasema hesabu."

"Mie nasema saumu."

Nilikuwa sijawahi kubishana na mtu maishani mwangu. Niliinuka nikaweka unyayo mwisho wa mstari. Kisigino kilikuwa kwenye kijiti cha mwisho, na vidole vilipita kile kishimo cha magharibi.

"Nimefika," nikasema.

"Umefunika, hukufika. Toa mguu."

"Sitoi."

"Toa mguu, Zaina! Hiyo nafasi haijali ukubwa wa mguu wako. Ipo tu hapo chini."

Bibi alipita na ungo wa mchele, akatutazama. "Mume wangu," akamwambia Shomari, "unamfundisha nini mke mwenzangu mpaka mnauchimba ua wangu?"

"Hesabu, Bibi."

"Afadhali ungemfundisha kula. Mikono yake imekuwa kama njiti za mwenge."

Alikwenda zake. Shomari alinong'ona kwamba mama hatatoka pale mlangoni kwa mtindo huu, hata nikifunga mpaka nizeeke. Alisema hivyo bila ubaya, kwa kuwa ndivyo mstari ulivyomwonyesha. Ilinipasa nilie. Badala yake nilihisi kitu kimelegea kifuani, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Sikujiuliza kwa nini.

Niliendelea. Vipande vilikuwa vifupi sana, na ungedhani kazi ilikuwa nyepesi. Haikuwa nyepesi. Sasa niliishi karibu na magharibi. Kila jioni ilinibidi nikae uani na jua likishuka nyuma ya minazi ya upande wa Vingunguti, nikadirie jana niliachia wapi, nikadirie adhana iko mbali kiasi gani, niigawe nafasi hiyo, nifunge mdomo, kisha nile kitu kabla mwadhini hajaanza. Kamba ya Shomari haikufaa tena kitu. Nilipima kwa kusoma Kulhuwallahu, ile sura fupi. Kwanza ishirini, kesho yake kumi, kesho yake tano. Baadaye sura moja, baadaye nusu ya sura, na baadaye pumzi moja bila kumeza mate. Nilikuwa natweta kama niliyekimbia. Chakula cha usiku hakikupita, maana mwili ulikuwa umechoka na kungoja. Nililala nimechoka na kuamka nimechoka, na chuoni nilisinzia juu ya ubao wangu mpaka wino ukanigandia shavuni.

Shomari naye hakutulia. Alilipeleka suala kwa mwalimu wake bila kunitaja, alisema ni la mtu anayetembea kwenda dukani na kila siku anakwenda nusu ya njia iliyobaki. Alirudi nyumbani ametoka jasho, hajavua hata shati la shule.

"Mwalimu kasema mie kweli, hufiki."

Niligeuka niondoke.

"Lakini kasema na wewe kweli kidogo. Kasema, mwambie huyo mtu ataje nafasi yoyote anayotaka, hata ndogo kama punje ya ulezi. Iko siku atakuwa karibu na mwisho kuliko upana wa punje hiyo. Ataje ndogo zaidi, hiyo pia ataipita. Hakuna nafasi itakayomshinda."

"Ila ya mwisho."

"Ya mwisho haipo, ndiyo taabu yenyewe." Alijikuna kichwa. "Nilimwuliza, sasa kafika ama hakufika? Akanambia nikae chini, wengine wanangoja zamu."

"Na Mungu anahesabu vipi?" nilimwuliza.

Shomari alijipangusa jasho kwa mkono wa shati. "Hilo sikumwuliza," akasema.

Sijui ningeendelea mpaka lini. Kilichotokea ni kwamba jioni moja mawingu yalitanda, jua likapotea mapema, na mimi nikapoteza hesabu yangu. Nilikuwa nimesimama uani na kipande cha nazi mkononi, nimefunga mdomo, nikidhani bado muda upo. Adhana ikalia. Ilinikuta kama maji ya baridi mgongoni. Nazi ilikuwa bado mkononi, sijaitia mdomoni.

Shomari alikuwa amekaa juu ya kinu. Aliruka. "Umefika! Bibi Kimya kafika! Kaipita!"

Nilimrukia. Sijui niliwezaje, maana alinizidi kimo kwa kichwa kizima. Nilimpiga ngumi za tumbo, nikamkwaruza shingo, nikipiga kelele ambazo jirani walikuja kuzisikiliza ukutani. "Sijafika! Haihesabiki! Sikutia nia! Sikutia nia!" Shomari alijikinga tu, akisema, "Si ndicho ulichokitaka? We si ndicho ulichokitaka?" Bibi alikuja mbio na mwiko, akidhani nimepandwa na kitu, akaanza kunisomea.

Baba ndiye aliyetutenganisha. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka bandarini, gunia lake la kujikinga mabega bado limemning'inia shingoni, vumbi la saruji limemjaa kwenye nyusi. Tangu mama azikwe alikuwa anaingia, anaoga, anakula kidogo, analala. Nilikuwa nikimpa shikamoo na yeye marahaba, na siku nyingine hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote. Alinishika vifundo vya mikono akaketi chini mchangani na mimi mbele yake. Akamwambia Shomari aseme. Shomari akasema yote, na vijiti, na punje ya ulezi.

Nilingoja kupigwa, au kuchekwa. Baba alilivua gunia shingoni, akaliweka magotini.

"Kwa hiyo leo umeimaliza," akasema.

"Sikutia nia, Baba."

"Zaina, mwanangu. Wewe ulitaka kuimaliza, ama hukutaka?"

Nililiona benchi. Nilimwona mama juu yake, na nilielewa, kwa akili ile ya mtoto ambayo huelewa bila kupata maneno, kwamba mlango ukifunguliwa ataingia na hatakuwapo tena pale nje. Muda wote nilipokuwa nabakiza kipande, hata cha pumzi moja, alikuwa karibu, ananingoja mimi. Shomari aliponiambia sitafika kamwe nilikuwa nimefurahi.

"Sikutaka," nikasema.

Baba alijipangusa uso kwa gunia, ikawa ni kujipaka saruji zaidi. "Na mie," akasema. Akamtazama Bibi. "Mama, zile mbili nilizochukua nimefunga moja. Ya pili kila juma nasema kesho. Nasema kazi nzito, nasema jua kali. Si kazi, Mama."

Bibi alikaa chini na yeye, polepole, na mwiko wake. Alisema tu, "Haya. Na mie nilidhani ni mtoto peke yake." Kisha akaanza kulia, kilio cha mtu mzima aliyechoka, kisicho na sauti, na jirani wakaondoka ukutani kwa adabu.

Jumapili hakukuwa na kazi bandarini. Tulikubaliana kufunga siku hiyo, Baba akilipa siku yake na mimi yangu. Bibi alibisha kwanza. Alisema sijabaleghe, siku yangu haitamlipia mtu deni. Baba akasema, "Mama, mwache." Bibi akasema basi ataifunga upya yeye mwenyewe baadaye, kwa usalama, na najua aliifunga, maana aliniambia mwenyewe nilipokuwa mkubwa. Alfajiri alituamsha wote wawili. Baba alitamka nia kwa sauti, neno kwa neno, nami nikafuatisha nyuma yake, na kwa mara ya kwanza sauti haikukwama.

Adhuhuri ilipolia Bibi aliniletea uji wa mchele, akauweka karibu yangu, akarudi jikoni. Niliuacha mpaka ukashika ngozi juu. Baba alikuwa amelala ubavu mkekani, kivulini, akisokota kamba ya usumba isiyo na kazi. Hatukuzungumza mengi. Aliniuliza chuoni nimefika wapi. Aliniuliza kama bado naogopa kisima. Alasiri nilitapika maji machungu kidogo. Baba alinifuta mdomo kwa shuka yake akaniuliza kama nataka kuacha, maana mtoto halazimishwi. Nikatikisa kichwa. Jua lilishuka taratibu kuliko siku zote zile. Nilikuwa nimezoea kulikata vipande, na leo sikuwa na pa kukata, ilibidi nilipite lote.

Shomari alikuja na alama za kucha zangu shingoni, akakaa mbali kidogo, hakuchora kitu.

Mwadhini alipoanza, Bibi alikuwa ameshaleta bakuli la maji na tende chache. Aliliweka katikati yetu. Baba aliliangalia. Nami nililiangalia.

"Tangulia," Baba akasema.

"Tangulia wewe, Baba."

Adhana ikaendelea mpaka mwisho, ua ukawa kimya, na bado bakuli lilikuwa pale. Bibi akasema kwa sauti ya chini kwamba kuchelewesha kufuturu si vizuri. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nilisikia Baba akivuta pumzi. Kisha alilishika bakuli kwa mikono miwili, akaliinua mpaka kifuani, na akataja jina la mama, ambalo hakuwa amelitaja tangu azikwe.

"Haya, Mwanaidi," akasema. "Imetimia. Nenda, mwenzangu."

Akanywa kidogo, akanipa. Nilinywa mpaka nikaona chini ya bakuli.